Hedifoni Mbili na Kasoro Moja

Mdogo wangu wa kiume anauza vifaa vya simu Dar es Salaam. Katikati ya msimu wa mvua alinipigia, akasema ameniwekea kifurushi kwenye basi, nikakipokee stendi.

"Ni hedifoni, dada. Hazina waya, na zinakata kelele. Nataka kuagiza nyingi, lakini siamini maneno ya kwenye boksi. Zivae mwezi mzima, kazini, njiani, nyumbani, halafu uniambie kama mtu wa kawaida anaweza kuishi nazo."

Nikamuuliza kwa nini amenichagua mimi.

"Kwa sababu wewe hujawahi kusifia kitu."

Hapo alisema kweli. Basi nikakubali, nikanunua daftari dogo la kuandikia nitakayoyaona.

Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao katika ofisi moja ya serikali hapa Mbinga. Kikao kikifanyika narekodi, kisha nakaa siku mbili tatu nikisikiliza na kuchapa. Nilizaliwa Singida. Nilipopangiwa Mbinga nilidhani nitakaa miaka miwili nihame, lakini nikaolewa na mwalimu wa sekondari, mtu wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na sasa mwaka wa tisa wa ndoa umepita. Kimatengo cha majirani nakijua cha kununulia mboga. Kinyasa cha ukweni nakijua pungufu ya hapo. Hilo lilikuwa limenizoesha jambo moja: watu wakizungumza karibu yangu nisielewe, sikushangaa. Nilijiambia wanaongea kikwao.

Chumba ninachofanyia kazi hakina dari. Mvua ikinyesha kwenye bati, huwezi kusikia hata mawazo yako. Nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga mahindi, nayo huanza kunguruma saa mbili asubuhi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipovaa hedifoni zile na kubonyeza kitufe, nilidhani umeme umekatika. Mashine ilinyamaza ghafla. Nilitazama taa, inawaka. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya jengo, nikamkuta msagaji amejaa unga hadi kwenye nyusi na mkanda wa mashine unazunguka kama kawaida. Alinisemesha. Niliona mdomo unakwenda. Nikavua, kelele zikanirudia zote kwa mpigo mmoja.

"Nimekuuliza, mama, unga wako uko wapi?" alisema.

Nikamwambia sina unga, nimekuja kutazama tu. Aliniangalia kwa muda, kisha akaendelea na kazi yake.

Wiki ya kwanza daftari langu lilijaa. Niliandika kwamba mashine inakatwa vizuri, mvua inakatwa nusu. Kwamba ukila mahindi ya kuchoma huku umezivaa, unasikia taya zako kama mtu anapasua kuni ndani ya kichwa. Kwamba kilemba kikikaa chini ya sponji, sauti ya nje inapenya. Kwamba masikio yanapata joto, jambo ambalo katika baridi ya Mbinga si kasoro. Niliandika pia kuwa muhtasari wa siku tatu nimeumaliza kwa siku moja na nusu, na mkuu wangu akauliza kama kuna kurasa nimeziruka.

Lakini nikaandika jambo jingine, nikalipigia mstari: upande wa kushoto una kasoro. Sauti ya kulia ilikuwa imejaa, ya kushoto ilikuja kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Nilizichaji upya. Nilifuta sponji kwa kitambaa. Nilizima na kuwasha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hali ikabaki ileile.

Nikampigia mdogo wangu. Hakubishana. Alisema bidhaa moja moja hutoka na kasoro, akanitumia nyingine, rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Nilizifungua palepale stendi nikiwa na hamu. Nikaziunganisha na simu, nikafungulia mahubiri niliyokuwa nimeyahifadhi. Kulia mhubiri alinifokea. Kushoto alikuwa kijiji cha pili.

"Mdogo wangu, usiagize," nilimwambia jioni ile. "Kiwanda kizima kina ugonjwa wa upande wa kushoto."

"Hebu zigeuze, dada. Upande wa kulia uvae kushoto, wa kushoto uvae kulia. Halafu niambie."

Nilizigeuza. Nikasikiliza. Nikazivua nikazitazama, nikavaa tena.

"Sasa ule wa kulia ndio umekufa," nikasema. "Wa kushoto umepona."

Nikamsikia mdogo wangu akimwambia mteja asubiri.

"Dada," alisema pole pole, "umesikia ulichosema?"

Nilikuwa nimesikia. Lakini kusikia ni jambo moja na kukubali ni jingine. Nilimwambia pengine baridi ya huku milimani inaathiri betri, maana vitu vinavyotengenezwa kwa ajili ya pwani havijui Mbinga. Alisema sawa. Jinsi alivyosema sawa ilinikera siku mbili.

Siku ya tatu nilimwomba mwenzangu wa ofisini anisaidie. Ni dada mdogo kwangu kwa umri, mzaliwa wa Matiri, anashughulika na masijala, na meza yake iko karibu na mlango. Nilimpa hedifoni nyeusi, kisha za kijivu, nikamwambia asikilize kwa makini upande wa kushoto. Alifumba macho. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Ziko sawasawa," alisema.

"Kulia na kushoto?"

"Sawasawa kabisa, dada. Zote mbili." Kisha akazivua, akazishika mapajani, akaonekana mtu mwenye neno. "Naomba nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Mimi nikiingia asubuhi nakwambia shikamoo. Siku nyingine unaitikia, siku nyingine huitikii. Nikikusalimia kutoka nje, dirishani, unaitikia. Nikikusalimia kutoka mlangoni, huitikii."

Nilitazama mlango. Meza yangu ilikuwa imeelekea dirishani, na mlango ulikuwa kushoto kwangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nimeanza kazi hapa." Alitabasamu kidogo, kama anayeniomba radhi. "Mwanzoni nililia. Baadaye wenzangu wakaniambia nisijali, ndivyo watu wa kwenu walivyo. Hawapendi salamu nyingi."

Sijui niliwaza nini hasa. Nakumbuka kwamba nilitaka kumwambia watu wa Singida wanapenda salamu sana, wanaweza kuulizana habari za mbuzi mmoja mmoja, na kwamba mimi nilipowasikia wakiteta upande wa mlangoni nilidhani wanazungumza Kimatengo makusudi ili nisielewe. Kwa miaka hiyo yote wao walidhani nina maringo, nami nilidhani wananitenga. Lakini maneno hayakutoka kwa mpango huo. Nilichosema ni, "Marahaba."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa nimemaliza kuelewa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda ukweni, mume wangu na mimi. Kutoka Mbinga barabara inateremka na kona zake hadi ziwa linapojitokeza chini, na hewa inabadilika, sweta inavuliwa. Nilichukua hedifoni za kijivu kwa sababu mwezi haujaisha na nilikuwa sijazijaribu kwenye upepo wa ziwani. Na kwa kweli bado nilikuwa na tumaini dogo kwamba kule bondeni, penye joto, upande wa kushoto ungefufuka.

Mama mkwe wangu ni mjane, Mwanglikana wa kanisa la asubuhi na la jioni, analima muhogo na kuanika usipa, wale dagaa wa Nyasa. Mikono yake haikai bure. Katika miaka tisa tulikuwa hatujagombana hata siku moja, lakini pia hatukuwa tumezungumza. Nilimsalimia, nikamsaidia kazi, nikapokea chakula, tukaagana. Niliamini kuwa Kiswahili kinamchosha na Kinyasa kinanishinda, basi tumekutana katikati, kwenye ukimya. Hata nilimsifu kwa watu: mama mkwe wangu hana maneno.

Mchana ule tuliketi barazani tukichambua usipa. Yeye alikaa mahali pake pa siku zote, karibu na nguzo, na mimi mahali pangu, karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimemwonyesha zile hedifoni tulipofika, nikamweleza kuwa mdogo wangu kanipa kazi ya kuzijaribu.

"Unaumwa masikio?" aliniuliza, akiwa amesimama mbele yangu.

"Hapana, mama. Ni za kusikilizia."

"Mbona watu husikiliza bila hizo."

Nilizivaa ili niandike habari za upepo. Zina hali tatu. Ya kwanza inakata kelele. Ya pili haifanyi lolote. Ya tatu inafanya kinyume, inaziruhusu sauti za nje ziingie, na unaweza kuziongeza. Hiyo ya tatu sikuwa nimeitumia, kwa sababu sikuona maana ya kuvaa kitu kinachokata kelele ili usikie kelele. Lakini kumvalia mama mkwe kitu kinachomnyamazisha niliona ni utovu wa adabu, hata kama haongei. Kwa hiyo nikaweka hali ya tatu, nikaongeza hadi mwisho.

Nilisikia mawimbi. Nilisikia kuku akiparua nyuma ya jiko. Nilisikia usipa wakavu wakidondoka kwenye ungo, mmoja mmoja. Kisha, upande wa kushoto, nikasikia sauti ya mwanamke ikisema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Sijui huyu mtoto wa watu nilimkosea nini."

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa ameinamia ungo wake, hanitazami. Midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Alipokuja nilimwambia aite hapa kwao," aliendelea. "Hakujibu. Nikamwambia nilivyofiwa na yule mwanangu wa pili. Hakujibu. Basi, Mungu ndiye anayejua."

Hakuwa akiniambia mimi. Alikuwa akiongea kama mtu anavyoongea na kazi yake, kwa mazoea ya muda mrefu ya kutotegemea jibu. Mikono yangu ilisimama juu ya usipa. Nilishindwa kujua nifanye nini kwanza. Nikisema nimesikia, atajua kwamba nimemsikia akinilalamikia. Nikinyamaza, nitakuwa nimefanya kwa makusudi lile ambalo miaka tisa nimelifanya bila kujua. Na bado kichwani kulikuwa na swali la kipuuzi, kwamba kama upande wa kushoto wa hedifoni ni mbovu, sauti hii imepita wapi.

Nikazivua. Sauti ikapotea. Midomo ikaendelea kwenda. Nikazivaa, sauti ikarudi. Nikavua tena.

Niliinuka, nikazunguka, nikaketi upande wake wa pili, ili yeye awe kulia kwangu. Aliacha kuchambua.

"Mama," nikasema, "mtoto wako wa pili alifariki lini?"

Alinitazama usoni, kisha akatazama hedifoni zilizokuwa mkononi mwangu, kama ndizo zilizomchongea.

"Nilikwambia," alisema.

"Sikusikia, mama. Sikio hili la kushoto halisikii. Nimejua wiki hii."

"Wiki hii?"

"Wiki hii."

"Mtu anakaaje na sikio lisilosikia asijue?"

Nilimweleza kwamba simu nimeizoea sikio la kulia, kwamba watu wakiwa mbele yangu nawasikia vizuri, na kwamba ugenini mtu haulizi kila neno. Nilimwambia pia kuwa nilidhani anaongea Kinyasa. Hilo lilimshangaza kuliko sikio.

"Kinyasa na wewe? Mimi nilisema Kiswahili tangu siku ya kwanza. Nilijitahidi."

Alinieleza habari za mtoto wake wa pili. Alikuwa wa kike, aliugua siku nne. Alieleza kwa kifupi, kwa sababu alishaeleza mara nyingi, na nadhani mara ya kwanza ndiyo iliyokuwa ndefu. Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia nisilie juu ya usipa, watalowa.

Mume wangu alirudi kutoka kwa kaka yake akatukuta tumekaa bega kwa bega. Njiani kurudi Mbinga nilimsimulia yote, kuanzia hedifoni nyeusi hadi barazani. Alisikiliza bila kunikatiza, akaonekana si mtu aliyepata habari mpya.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Sikio lako? Ndiyo. Tangu tulipokuwa wachumba. Hujaona kwamba sikuzote natembea kulia kwako?"

Nilitazama. Alikuwa ameketi kulia kwangu, upande wa dirisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Sikio ni lako. Nilidhani unajua, ila ni jambo usilopenda litajwe. Nikaona nikuheshimu."

Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumgombeza, na yote mawili yalikuja pamoja yakaziba mlango. Angemwambia mama yake neno moja tu. Lakini yeye naye aliwaza kwamba nilishamwambia mimi mwenyewe.

Nilikwenda Songea kupimwa. Niliketishwa kwenye kachumba kadogo, nikavalishwa hedifoni nyingine, kubwa na nzito, nikaambiwa ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Mpimaji alisema sikio la kulia ni zima, la kushoto limebakiwa na kidogo, na kwamba ni la zamani, pengine tangu utotoni. Aliniuliza kama niliwahi kuugua sana, au kupigwa. Sikujua. Nikampigia mama yangu Singida.

"Uliugua surua," alisema. Kisha akafikiri. "Au ni dada yako. Mmoja wenu. Lakini wewe ulikuwa mkaidi tu. Ukiitwa huji. Baba yako alikuchapa sana kwa hilo."

Hapo palinichanganya kuliko pote. Kwa sababu nakumbuka zile fimbo, na nakumbuka kwamba niliamini mimi ni mkaidi. Nilikua nikijua hivyo. Hata nilijisifia shuleni, mimi mtu mkaidi, sisikii la mtu. Sasa nilisimama nje ya jengo lile la Songea na simu mkononi, nikijaribu kupambanua ni kiasi gani cha tabia yangu ni yangu na ni kiasi gani ni sikio. Niliondoka bila kupambanua. Basi liliposimama Kitai wauza ndizi walikuja madirishani, nikajikuta nageuza kichwa huku na huku kama ndege, nikihakikisha hakuna anayenisemesha bila jibu. Nilinunua ndizi nisizozihitaji kutoka kwa kila aliyefungua mdomo.

Mwezi ulipoisha mdogo wangu alidai ripoti. Nilikaa na daftari langu jioni nzima. Nusu ya niliyoandika ilikuwa kweli na nusu ilikuwa sikio langu, na katika sehemu nyingine sikuweza kutofautisha. Pale nilipoandika mvua inakatwa nusu, kwa mfano, inakatwa nusu na nani? Mwisho nilimwandikia kwamba mashine ya kusaga inakatwa, kwamba zisivaliwe juu ya kilemba, kwamba hali ya tatu ni nzuri kuliko inavyoelezwa kwenye boksi, na kwamba habari za upande wa kushoto amuulize mtu mwingine.

Alinipigia badala ya kuandika.

"Zile za kijivu baki nazo, dada," alisema. Kisha akaongeza, "Nilijua pale ulipozigeuza. Sikujua jinsi ya kukwambia."

"Naona watu wote walijua isipokuwa mimi na mama mkwe."

Alicheka, na safari hii nami nilicheka kidogo. Aliagiza chache za kuanzia. Nasikia zinatoka.

Ofisini nimegeuza meza. Mlango sasa uko kulia, na naitikia shikamoo zote, hata zile ambazo si zangu. Mpimaji alishauri nitafutiwe kifaa cha kusaidia sikio, na bado nasubiri kuitwa. Kwa sasa nina hedifoni za kijivu, ambazo vikaoni naona haya kuzivaa na ukweni sioni.

Mama mkwe wangu ana maneno mengi sana. Tukifika ananielekeza mwenyewe pa kukaa, kushoto kwake, nami naketi, naye anaanza: mbuzi wa jirani walioingia kwenye muhogo, mchungaji mpya anayeimba vibaya, binti wa fulani aliyerudi kutoka mjini bila kuaga. Akichangamka anahamia Kinyasa bila kujitambua, na hapo nabaki nimekodoa macho. Mara ya mwisho nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, hapo sikupata."

"Hukusikia au hukuelewa?" aliniuliza.

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana kwa kweli sikuwa na hakika. Alinisubiri kidogo, kisha akarudia yote tangu mwanzo, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa.